Milimita 30

Daktari aliisoma ripoti yangu ya moyo mara mbili, akaiweka mezani, akachukua simu yake. Nikadhani anampigia mtu. Kumbe anafungua kikokotoo. (Si kile cha mafao ya wastaafu, tulieni.)

"Una urefu gani, dada?"

"Sentimita 144."

"Uzito?"

"Kilo 48."

Akabonyeza. Urefu mara uzito, gawa kwa 3,600, tafuta kipeuo cha pili. Ikaja 1.39. Hizo, akasema, ndizo mita za mraba za mwili wako wote. Kisha akachukua zile milimita 30 ambazo mwenzake wa hospitali nyingine aliziandika kuwa ndio upana wa aota yangu, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni, akazigeuza kuwa sentimita 3, akagawa kwa 1.39. Akanigeuzia kioo cha simu.

2.16.

"Lakini ripoti inasema kawaida," nikamwambia. Nilijisikia ninavyobisha, kama abiria aliyenyimwa chenji na konda.

"Ni kawaida," akasema. "Kwa mtu mwingine."

Hii ni wiki ya saba neno hilo haliniachi. Nakuna nazi, linakuja. Nipo kwenye foleni ya mwendokasi Kimara, linakuja.

Kwa mtu mwingine.

## Miguu ya maandazi

Nilizaliwa Tanga na miguu iliyovimba. Juu ya nyayo palikuwa pamefura, na migongo ya viganja kadhalika, bibi akaniita Andazi. Mkunga alisema uvimbe utashuka wenyewe, na kweli ukashuka. Jina ndilo halikushuka. Hadi leo nikienda Ngamiani kuna wazee wananiita Andazi, hawajui kwamba wanaitaja dalili ambayo daktari mwenye macho angeweza kuitambua siku ileile niliyozaliwa.

Yaliyofuata mnayajua, kama si kwangu basi kwa mtoto wa jirani. Darasani anakaa dawati la mbele kila mwaka. Wenzake wamevunja ungo, yeye bado. Anapelekwa kwa huyu, anapelekwa kwa yule, anakunywa vitu ambavyo hata mbuzi angevikataa. Mwisho ndiyo inachukuliwa damu. Mimi ilichukuliwa nikiwa na miaka 17, sampuli ikasafirishwa nje ya nchi, jibu likarudi limeandikwa 45,X. Watu wengi wana kromosomu 46, zile nyuzi za urithi zilizomo ndani ya seli. Mimi X ya pili haikuja. Sindromu ya Turner: katika kila wasichana 2,000 hadi 2,500 wanaozaliwa, mmoja ndiye hivyo.

Mama aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, akauliza jambo moja tu.

"Atazaa?"

Simlaumu. Hata mimi ndilo nililotaka kuuliza, ila aliniwahi.

## Mayai yaliyotangulia

Daktari wa wakati ule alijibu, "Hana mayai," kwa sauti ya kana kwamba nilitumwa dukani nikasahau.

Miaka mingi baadaye nilikuja kujua kwamba nilikuwa nayo. Mtoto wa kike mwenye Turner huanza tumboni na mayai kama wenzake. Kwenye wiki ya 18 hivi ya mimba ndipo yanapoanza kufa kwa kasi, na kwa wengi wetu yanakuwa yamekwisha kabla ya umri wa kubalehe, kwa wengine hata kabla ya kuzaliwa. Ovari inabaki kama kipande cha utepe. Habari hii ilinifariji kwa namna ambayo bado siwezi kuieleza vizuri. Yalikuwepo. Yalitangulia tu.

Mfuko wa uzazi wenyewe upo. Ulikuwa mdogo kwa kukosa homoni, nikaanzishiwa vidonge vya estrojeni, ukakua. Nilipata hedhi nikiwa na miaka 19, hedhi ya kwenye pakiti, na mama alilia kwa furaha akampigia somo simu usiku uleule. Kwa hiyo mimi nilitolewa mwali nikiwa nimeshamaliza kidato cha sita. Nilikuwa nimekaa kwenye mkeka na wasichana wa darasa la saba, na wawili kati yao walikuwa warefu kunipita.

Wapo wa Turner wanaobahatika kubeba mimba bila msaada wowote. Mara nyingi ni wale wa mchanganyiko, wenye seli nyingine za 45 na nyingine za 46. Sweden waliwahi kuwahesabu wanawake 482 wenye hali hii wakakuta 57 wamewahi kubeba mimba. Siku niliyoisoma namba hiyo nilifurahi hadi jioni, nilipofika kwenye aya ya chini: wengi walitumia mayai ya kupewa, na waliopata wenyewe wengi ni hao wa mchanganyiko. Mimi si wa mchanganyiko. Nilifunga kompyuta nikaenda kupika.

Lakini neno "kupewa" nililibeba.

## Yai la mdogo wangu

Mdogo wangu ana watoto wawili na mdomo usio na breki. Tulikuwa tunapepeta mchele kibarazani kwangu, akasema bila kunitazama, "Dada, si uchukue yangu? Mimi kila mwezi yanapotea tu."

Nilicheka hadi ungo ukanidondoka. Ndiyo, na mimi siku ile nilivunja ungo.

Yeye hakucheka. Wiki iliyofuata tulikuwa wote watatu, mimi, yeye na mume wangu, kwenye kliniki ya uzazi. Tulielezwa vizuri: mdogo wangu atachomwa sindano kwa siku kumi na kitu, mayai yavunwe, yakutanishwe na mbegu za mume wangu maabara, kisha viinitete viwili, yaani mayai yaliyokwisha kurutubishwa, viwekwe kwangu. Viwili, walisema, ili kuongeza bahati. Nikaona ni ukarimu. Wakataka ripoti ya moyo, nikaipeleka ile yenye neno "kawaida", wakaibana na pini kwenye faili pamoja na risiti ya malipo ya awali. Hakuna aliyeisoma zaidi ya hilo neno moja. Mimi pia sikusoma zaidi.

Mume wangu ni mtu wa kuuliza kwanza. Akaenda kwa sheikh wa mtaani kwetu, mtu mpole asiyekurupuka. Sheikh alimwambia kwamba upandikizaji wa mke na mume wenyewe kwa wenyewe hauna tatizo, wanazuoni wa Al-Azhar kule Misri walishautolea fatwa tangu mwaka 1980. Tatizo ni mtu wa tatu. Yai la mwanamke mwingine linavuruga nasaba. Na yai la shemeji ndio kabisa, maana mtu haruhusiwi hata kuwaoa ndugu wawili kwa pamoja, seuze kuwachanganya katika tumbo moja.

Usiku nikakaa na simu. Nikaona kwamba Iran, kwa Washia, mwaka 1999 kiongozi wao Khamenei aliruhusu yai la kupewa. Nikamwamsha mume wangu nikamwonyesha. Aliitazama ile skrini muda mrefu.

"Sisi si wa huko," akasema.

Nilinuna siku tatu. Nilimpikia, nilimnyooshea mashati, ila sikumsemesha zaidi ya salamu. Kichwani nilikuwa na hotuba nzima: kwamba damu itakayomlisha mtoto ni yangu, uchungu ni wangu, maziwa ni yangu, na kwamba shemeji si mtu wa tatu, ni yuleyule niliyembeba mgongoni akiwa na miezi sita.

Siku ya nne niligundua kitu ambacho sikutaka kukigundua.

Nilikuwa nalala vizuri.

Kwa miezi nilikuwa naamka saa tisa usiku nahesabu tarehe za sindano za mtu mwingine. Sheikh aliposema hapana, usingizi ukarudi. Hapo ndipo nilipoanza kujishuku. Je, huyu mtoto namtaka mimi, au nataka tu lile swali la mama pale hospitalini linyamaze? Maana mtoto nyumbani yupo. Binti wa kaka yangu tunaishi naye tangu akiwa na miaka mitatu. Mbele za watu ananiita shangazi, akitaka hela ya askrimu ananiita mama. Hakuna siku nimemwangalia nikaona pengo.

Na hapohapo, nikipita kwenye duka la nguo za watoto, mikono inakuwa mizito. Yote mawili ni kweli. Nimeacha kuyalazimisha yapatane.

## "Umegawa?"

Kuna kundi la WhatsApp la sisi wa Turner, wengi wa Tanzania na Kenya. Niliweka kule picha ya ripoti yangu nikaandika kwa utani, "Moyo mzima jamani, kilichobaki ni sheikh." Wakaja na vicheko na maua. Dada mmoja wa Mombasa hakuweka ua. Aliandika neno moja.

"Umegawa?"

"Kugawa nini?"

"Hiyo aota. Igawe kwa mwili wako."

Sikuelewa, akanipigia. Tuliongea kama saa nzima, na ndiye aliyenituma kwa yule daktari mwenye kikokotoo.

Nitalieleza kama nilivyoelezwa. Ukuta wa aota una matabaka, kama koti lenye bitana. Kwa watu wa Turner bitana hiyo inaweza kuachana na koti: damu inapenya katikati, inachana njia yake yenyewe, na ikifika hapo kinachohesabiwa ni dakika. Sasa weka mimba juu yake. Damu mwilini inaongezeka karibu nusu nzima. Homoni za ujauzito zinalegeza kuta za mishipa. Moyo unasukuma zaidi, usiku na mchana, kwa miezi tisa. Hatari ni kubwa zaidi miezi mitatu ya mwisho, na haiishi siku ya kujifungua. Wiki kadhaa za baadaye bado imo, wakati watu wanakuletea uji wa pilipili manga na kukuambia umeshavuka.

Makadirio ya zamani yalisema wanaokufa ni kama wawili katika kila mimba 100. Nchi za Nordic ziliwafuatilia wanawake 106 wa Turner waliozaa kwa mayai ya kupewa, na kiasi cha theluthi moja walipata shinikizo la damu ujauzitoni. Mapacha huzidisha kila kitu, ndiyo maana miongozo inasema kiinitete kiwekwe kimoja. Kimoja! Nikaukumbuka ule ukarimu wa viwili.

Ndipo tunafika kwenye kugawa. Wanawake wa Turner ni wafupi, kwa hiyo upana wa mshipa peke yake hausemi kitu hadi uujue mwili uliobeba mshipa huo. Mdogo wangu ana sentimita 168 na kilo 65. Mpe aota ya milimita 30 kama yangu, ugawe, unapata 1.72. Kwake huo ni mshipa tu. Kwangu ni 2.16.

Wataalamu wa uzazi wa Marekani waliandika mwaka 2012 kwamba ikizidi 2.0 mimba isibebwe. Mwongozo wa kimataifa wa mwaka 2017 ukasema katazo ni ikizidi 2.5, na kati ya 2.0 na 2.5 ni katazo endapo kuna sababu nyingine ya hatari: presha, aota iliyobanwa mahali, au valvu ya moyo yenye vipande viwili badala ya vitatu. Kwa hiyo kwa waraka mmoja nimefukuzwa, kwa mwingine nimeambiwa subiri mlangoni.

Nilirudi nyumbani nikaitoa ile ripoti ya kwanza. Juu kabisa, chini ya jina langu, kulikuwa na nafasi mbili. Urefu. Uzito.

Zote zilikuwa tupu.

Mimi ambaye tangu chekechea sijawahi kuingia mahali bila mtu kutaja kimo changu. Makonda, walimu, mawifi, mafundi cherehani wanaoniuliza kama nguo ni ya mtoto. Siku moja tu ambayo kimo changu kingeweza kuniokoa, hakuna aliyekiandika.

Huyo Turner mwenyewe, daktari wa Oklahoma, mwaka 1938 aliandika habari za wanawake saba, na alichokiweka mbele ni kimo, shingo, viwiko na kutobalehe. Yale yanayoonekana mtu akisimama mlangoni. Nimejikuta nawafikiria wale saba mara nyingi mno wiki hizi. Sijui kwa nini, labda kwa sababu ni wachache kiasi cha kutosha kwenye mkeka mmoja.

## Ndani ya bomba

Eko, ile picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, haikuionyesha valvu yangu vizuri, daktari akasema niende MRI, picha ya mashine ya sumaku.

Walionikuta nimetoka mle wameniuliza kama niliogopa. Kelele zile ni kama kulala chini ya mashine ya kusaga. Nilivuta uradi, nikapotea hesabu, nikaanza upya. Ila nitasema jambo ambalo sijamwambia hata mume wangu, naye atalisoma hapa, samahani baba.

Nilikuwa naomba iwe mbaya.

Nililala mle ndani nikitamani valvu iwe na vipande viwili. Katika wenzangu wa Turner, kati ya 15 na 30 katika kila 100 wanavyo viwili, kwa hiyo si ombi la ajabu. Vikiwa viwili, basi: 2.16 na sababu juu yake, waraka wowote ule unanikataza, na mimi nakwenda kwa mama, kwa mama mkwe, kwa yule fundi cherehani, nawaambia moyo ndio umekataa. Siyo mimi, siyo mume wangu, siyo sheikh. Nani atagombana na moyo?

Majibu yalitoka baada ya siku nne. Vipande vitatu. Aota haijabanwa popote. Presha 118 kwa 76. Upana, milimita 30 zilezile.

Nililia kwenye gari. Mume wangu alidhani ni furaha, akanipigapiga begani huku akisema alhamdulillahi, na ni kweli alhamdulillahi, sikatai.

Tuliporudi kwa daktari hakuzunguka. "Sikukatazi," akasema. "Wala sitakwambia nenda. Ukienda, ni kwa kiinitete kimoja, presha inapimwa muda wote, moyo unapigwa picha mara kwa mara hadi baada ya kujifungua, na unazalia penye wataalamu wa moyo. Hilo si la mjadala."

"Ningekuwa mdogo wako?"

Akachezea kifuniko cha kalamu. Nje palikuwa na mtu anaita namba ya foleni.

"Ningekupima tena mwakani," akasema, "nione kama mshipa umesogea. Halafu ningekuuliza unataka nini. Umeshaulizwa?"

Nilifungua mdomo nikaufunga.

Mdogo wangu nilimwambia siku hiyohiyo. "Sawa," akasema, "ila yangu nayo yanazeeka, usije ukanilaumu." Sheikh bado anasema alichosema. Kliniki wamenirudishia sehemu ya fedha baada ya safari tatu na barua mbili. Hapo ndipo tulipo.

## Ijumaa

Mama mkwe wangu yuko Pangani. Hunipigia kila Ijumaa baada ya swala, na kwa miaka sita swali lake ni lilelile, linakuja baada ya habari za mvua na bei ya samaki. "Haya, kuna jipya?" Sijawahi kumwona kuwa na ubaya. Anauliza kama anavyouliza kama umeme umerudi.

Ijumaa iliyopita nilichoka kusema "Bado, mama, tuombee." Nikamwambia. Nilianza na mshipa, nikaja kwenye koti na bitana, nikamweleza bomba, vipande vitatu, kila kitu isipokuwa ombi langu la mle ndani. Alinyamaza hadi nikadhani salio limekatika.

"Mama?"

"Nipo. Hizo milimita thelathini, ndiyo kubwa au ndogo?"

"Inategemea mtu mwenyewe ana urefu gani."

"Na wewe una urefu gani, mwanangu?"

"Sentimita 144."

Nikamsikia anamuuliza mtu pembeni kitu, pengine akimwonyesha kwa mkono ukutani ni wapi hapo. Kisha akarudi.

"Ah," akasema. "Mimi siku zote nakuona mrefu."